Dawa yenye kutoka ndani ya jiwe

Mwenzetu mmoja alikuwa anaendesha kamio kubwa ya kubeba mawe katika mine moja upande wa Kolwezi. Kwa miezi tisa alitibiwa amiba. Kila mara alipoenda ku dispansere ya kazi na kusema kwamba anaona damu katika choo, walimpa vidonge vya amiba. Damu ilipungua siku mbili tatu, kisha ikarudi. Yeye mwenyewe alikuwa anachekesha watu: «Humu Kolwezi nani hana amiba?» Wengine walimwambia ni emoroidi, juu ya kukaa sana kwenye kiti cha kamio. Alikonda, nasi tukasema ni posti za usiku.

Siku moja alikosa nguvu ya kupanda ngazi ya kamio yake. Damu ilikuwa imemwishia mwilini. Ku lupitalo munganga mmoja kijana alivaa ganti, akapima na kidole, akakuta kitu kigumu pale mwisho wa utumbo. Walimtuma Lubumbashi. Huko waliingiza mupira wenye kamera, wakakata kipande kidogo cha nyama, wakakipeleka ku laboratwari. Ekografi ikaonyesha alama tatu katika maini. Kansere ya utumbo mkubwa, na ilikuwa imekwisha kutembea.

Baada ya wiki moja alikuja ku biro yetu ya sendika na bibi yake. Alikuwa ameshika karatasi ya munganga yenye majina matatu ya dawa. Moja lilikuwa refu kupita yote: oxaliplatine. Akatuuliza: «Delege, hii kitu ni nini? Inaponya, ao inakula tu feza yetu? Bibi anasema tuuzishe parsele. Nimwambie nini?»

Hatukuwa na jibu. Sisi tunajua kusoma kontra na karatasi ya mshahara, hatujui kusoma karatasi ya shimio. Lakini mtu aliyetuuliza alikuwa na haki ya kujibiwa. Tukaenda kwa banganga, tukauliza, tukasoma, tukarudi kuuliza tena. Haya tunayoandika ni yale tuliyomwambia, na mengine tuliyoyajua kwa kuchelewa.

Amiba isiyopona

Tuanze pale ugonjwa unapoanza, maana mara nyingi ni pale tunapoteza vita.

Kansere ya utumbo mkubwa inaanza mara nyingi sawa kinundu kidogo ndani ya ukuta wa utumbo. Kinundu hicho kinaweza kukaa miaka bila kuuma. Kisha kinageuka kibaya, kinakula ukuta, kinatoa damu kidogo kidogo, na siku ingine mbegu zake zinapita katika damu na kwenda kujenga pengine: kwanza maini, mara ingine mapafu. Hapo ndipo banganga wanasema kansere «imeendelea».

Alama zake zinafanana na magonjwa yetu ya kila siku: damu katika choo, choo kubadilika (leo kuhara, kesho kufunga) kwa wiki nyingi, tumbo kuuma, kukonda bila sababu, kuchoka juu ya kupungukiwa damu. Amiba inaleta damu. Bilharzia inaleta damu. Emoroidi zinaleta damu. Kwa hiyo si kosa la mgonjwa kufikiri ni amiba, na si kosa la infirmiye kuanza na dawa ya amiba. Kosa ni kurudilia dawa ileile mara ya tatu, ya ine, ya tano, bila mtu kuvaa ganti na kupima.

Tofauti ni kubwa sana. Kwa hesabu za Marekani, kansere hii ikikutwa ingali ndani ya ukuta wa utumbo, wagonjwa karibu 9 juu ya 10 wanakuwa wazima baada ya miaka mitano. Ikikutwa imekwisha kufika mbali, ni kama 1 juu ya 7. Na ile ni kule kwenye vyombo vyote na dawa zote.

Nani anaipata? Zaidi watu wa miaka 50 na kuendelea, lakini vijana pia wanapata. Mtu ambaye baba, mama ao ndugu yake wa tumbo moja aliipata anapashwa kuangalia zaidi. Tumbako, pombe nyingi, nyama nyekundu nyingi na unene vinaongeza hatari. Na sisi wa mine tuko na jambo letu: mwaka 2019 banganga wa shirika la kimataifa la utafiti wa kansere, lile la Lyon, waliandika tena kwamba kazi ya usiku inawezekana kuleta kansere, na kati ya zile walizotaja kuko ya utumbo mkubwa. Hawakusema ni hakika. Lakini kwa mtu ambaye amefanya posti za usiku miaka kumi na tano, ni sababu nzuri ya kutocheka akiona damu.

Na jambo lingine tulisikia katika familia ya mwenzetu: shangazi moja alisema kuna mtu «alimtupia» juu ya wivu wa kazi. Tunaheshimu uchungu wa familia. Lakini kinundu hakitumwi na jirani. Tukianza kutafuta mlozi, tunapoteza miezi na tunapoteza ndugu.

Namna platini ilifika katika mshipa

Sasa ile dawa ya jina refu. Sisi wachimbaji tunapashwa kujua kitu kimoja chenye kilitushangaza: ndani ya oksaliplatini kuko platini. Metali. Ile ile inayotoka chini ya udongo.

Hadisi yake inaanza na bahati. Mwaka 1965, katika chuo kikuu cha Michigan State huko Marekani, mtaalamu wa fizika jina lake Barnett Rosenberg alikuwa anapitisha umeme katika maji yenye mikrobe, kusudi aone umeme unafanya nini. Nyaya zake za umeme zilikuwa za platini, juu ya watu kuamini kwamba platini haiozi na haifanyi kitu. Mikrobe zikawa ndefu sawa kamba. Zinakua lakini hazigawanyiki tena. Alitafuta, akakuta si umeme. Ni platini kidogo iliyoyeyuka katika maji. Ikiwa inazuia mikrobe kugawanyika, labda itazuia kansere. Katika njia hiyo ilipatikana dawa ya kwanza ya platini, sisplatini, iliyokubaliwa Marekani mwaka 1978. Inasaidia sana kansere fulani, zaidi ya korodani. Lakini kwa kansere ya utumbo mkubwa haikufaa.

Mwaka 1976, katika muji wa Nagoya huko Japani, Yoshinori Kidani na wenzake walivalisha platini nguo ingine: upande mmoja pete ya kaboni, upande mwingine oksalati. Ni oksaliplatini. Katika miaka ya 1980 profesa Georges Mathé, huko Villejuif karibu na Paris, alikuwa kati ya wa kwanza kuijaribu kwa wagonjwa. Ufaransa iliikubali mwaka 1996, Marekani mwezi wa Agosti 2002.

Ndani ya mwili dawa inafanya kazi hivi. Kila seli iko na kitabu chake cha maagizo, kile banganga wanaita ADN, kilichosukwa sawa kamba ya nyuzi mbili. Seli ikitaka kugawanyika, inapashwa kwanza kufungua zile nyuzi na kuzikopia. Platini inaingia na kushika uzi, sawa unavyofunga mukaba wa konveya kwa boluti mbili: haufunguki, hauendi. Seli inashindwa kukopia, inakufa. Seli za kansere ndizo zenye haraka ya kugawanyika, ndiyo sababu zinaumia zaidi. Lakini seli nzima zenye haraka vilevile zinaumia pamoja nazo: za damu, za ndani ya kinywa, za tumbo.

Tani moja ya jiwe

Tulifanya hesabu na munganga, tukitumia karatasi na kalkileta. Karibu nusu ya uzito wa oksaliplatini ni platini. Kipimo cha kawaida kila wiki mbili ni miligramu 85 kwa kila metere-kare ya ngozi ya mgonjwa. Mwanaume wa kimo cha kati anapata kama miligramu 153 mara moja. Akipata mara 12, ni karibu gramu 1,8 ya dawa. Platini ndani yake ni karibu gramu 0,9. Haifiki hata uzito wa pete ndogo ya ndoa.

Zaidi ya nusu ya platini yote yenye kuchimbwa duniani inatoka Afrika ya Kusini, upande wa Rustenburg na mahali pengine pa ule mkanda mkubwa wa mawe unaoitwa Bushveld. Kule jiwe zuri linatoa gramu 3 hadi 6 kwa tani, na hapo wanahesabu platini pamoja na wadogo wake wote, sawa paladi. Kwa hiyo tani moja hivi ya jiwe inatosha matibabu ya mgonjwa mmoja. Mwenzetu alikuwa anabeba mara mia ya uzito ule katika safari moja ya kamio.

Tunakumbuka Rustenburg kwa jambo lingine. Ni kule, ku Marikana, tarehe 16 Agosti 2012, polisi walipiga risasi na kuua wachimbaji 34 wa platini waliokuwa katika mugomo. Wale wenye kutoboa miamba walikuwa wanaomba randi 12.500 kwa mwezi. Hatusemi kwamba platini yao ndiyo iliingia katika mshipa wa mwenzetu. Sehemu kubwa ya metali ile inaenda katika mashini za motokari na katika vito. Tunasema tu kwamba dawa hii haikushuka mbinguni. Kuko mtu aliyeingia chini kuitoa, mwenye mapafu na mgongo sawa vyetu. Hata kobalti, ambayo sisi tunaijua sana, tangu mwaka 1951 huko Kanada inatumika katika mashini za kuchoma kansere kwa mionzi. Mchimbaji asiogope majina haya. Ni kazi ya mikono yake.

Inafanya nini, na nini haifanyi

Oksaliplatini haitembei peke yake. Inaenda na dawa ya zamani, fluorouracile, inayojulikana tangu 1957, na asidi foliniki yenye kuisaidia. Majina yote matatu yalikuwa katika karatasi ya mwenzetu. Banganga wanayaunga na kusema FOLFOX. Mgonjwa anakaa saa mbili na oksaliplatini, kisha fluorouracile inapita polepole kwa siku mbili hivi. Wiki mbili zinapita, anarudi. Kuko namna ingine: oksaliplatini kila wiki tatu, na vidonge vya kapesitabini vya kumeza nyumbani. Kwa mtu wa Kolwezi, mwenye kupashwa kufanya kilometere kama 300 mpaka Lubumbashi, hii ya pili inapunguza safari. Umwulize munganga kama inakufaa.

Matokeo? Mwaka 2000 munganga Mfaransa Aimery de Gramont na wenzake walitangaza utafiti kwa wagonjwa 420 wenye kansere iliyoendelea. Nusu yao walipata dawa za zamani tu, nusu ingine waliongezewa oksaliplatini. Kwa wale wa oksaliplatini, kansere ilipunguka sana kwa mgonjwa 1 juu ya 2. Kwa wengine ilikuwa karibu 1 juu ya 5. Kansere ilikaa bila kuendelea miezi 9 badala ya 6. Ni hayo. Si muujiza, na si bure.

Wagonjwa wachache wako na bahati kubwa zaidi: kansere iko katika maini peke yake, dawa inaipunguza mpaka fundi wa kupasua anaweza kuikata yote. Kati yao wengine wanapona kabisa. Kwa hiyo swali la kwanza la familia lisikuwe «bei gani?» Liwe hili: «Munganga, kwa huyu mgonjwa wetu, dawa itafanya nini? Kuponya, kuongeza muda, ao kupunguza maumivu?» Munganga mwenye heshima atajibu. Halafu mnakaa chini na kuamua habari ya parsele, mkijua mnanunua nini.

Na familia ikiamua kutoendelea na shimio, si kumtupa mgonjwa. Kuko matunzo ya maumivu, kuko morfini, kuko kuongezewa damu, kuko kukaa naye. Hayo pia mfanyakazi yuko na haki yake.

Baridi, vidole na homa

Hapa tunaomba bibi na watoto wasome vizuri, maana ni wao wanabaki na mgonjwa nyumbani.

Jambo la kwanza ni baridi. Siku za kwanza baada ya kila serumu, kitu cha baridi kinachoma vidole na kinywa sawa umeme. Maji ya frigo, hapana. Simba ao Tembo ya baridi, hapana. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi ya Katanga inajulikana. Mgonjwa avae ganti na soksi, afunike kinywa na kitambala, asishike chuma wala komeo la mlango kwa mkono mtupu. Anywe chai, anywe maji ya uvuguvugu. Mara ingine koo inakaza na mgonjwa anafikiri anakosa pumzi. Ikiwa ni juu ya baridi, kitu cha moto kinasaidia na inapita. Lakini akivimba uso, akipata vipele ao pumzi inamkatika kweli, ni hatari: ku lupitalo mbio.

La pili ni ganzi. Dawa ikiongezeka mwilini, mara ya nane, ya tisa, vidole vya mikono na miguu vinakufa ganzi hata bila baridi. Mtu anashindwa kufunga kifungo cha shati. Anakanyaga bila kusikia udongo. Ni platini inayokaa katika mishipa ya fahamu. Mgonjwa asifiche akiogopa kwamba dawa itasimamishwa. Munganga anaweza kupunguza ao kusimamisha oksaliplatini peke yake na kuendelea na zingine, halafu kuirudisha kisha. Ganzi inapunguka kwa miezi mingi, lakini kwa wengine haimaliziki. Na mtu mwenye vidole hivyo asirudishwe kwenye mashini ya kutoboa, wala ku usukani wa kamio, wala kupanda ngazi za juu. Hiyo ni kazi ya delege kuisema.

La tatu ni homa, na ndiyo inaua haraka. Shimio inapunguza askari weupe wa damu. Kwetu mtu akipata homa tunasema malaria, tunanunua dawa ku farmasi ya kona, tunangoja kesho. Kwa mtu wa shimio, hapana kungoja kesho. Homa ikifika 38, ni ku lupitalo saa ile ile, hata usiku, na unasema neno la kwanza mlangoni: «Huyu yuko katika shimio.» Wapime malaria, ndiyo, lakini wapime na damu yote na wamchunge na antibiotiki. Vilevile kuhara sana, kutapika bila kusimama, vidonda vya kinywa vyenye kumzuia kula, ao damu puani: usingoje siku ya randevu.

Na dawa za kienyeji? Hatutukani mtu. Lakini umwonyeshe munganga kila mzizi na kila chai unayompa mgonjwa. Maini yake yako na kazi nyingi.

Serumu ya sukari, si ya chumvi

Sote tunajua namna inaendaka katika malupitalo mengi: wanaandika karatasi, familia inaenda kununua. Shiringi, mupira, serumu, yote. Kwa oksaliplatini serumu ni ya glukozi 5 kwa mia. Isichanganywe na serumu ya chumvi, maana chumvi inaharibu dawa. Shindano zenye aluminiumu pia hazifai. Munganga na infirmiye wanajua hayo. Lakini ni wewe unanunua, basi uangalie chupa mbele ya kulipa.

Usinunue dawa yenyewe sokoni ao kwa mtu wa begi. Muda wa patanti ya kwanza ulikwisha, sasa kampuni nyingi zinaitengeneza, hata za Uhindi, na bei haiko tena ile ya zamani. Hilo ni jema, lakini linaleta pia wadanganyi. Ununue kwa karatasi, ku farmasi ambayo lupitalo inaijua, na uchunge boksi. Na isitundikwe nyumbani na infirmiye wa kartie. Mbele ya kila serumu wanapashwa kupima damu. Bila damu kupimwa, usikubali.

Kwa mionzi, kuko familia za Lubumbashi zilizopita Kasumbalesa na kwenda Lusaka, kwenye lupitalo ya kansere iliyofunguliwa 2007. Ukienda, beba karatasi zote: jibu la biopsi, skana, orodha ya dawa na tarehe. Bila jibu la biopsi utaanza upya, na utalipa upya.

Miezi sita na miezi sita

Sasa tufike kwenye jambo letu la sendika.

Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema mwajiri anapashwa kutoa matunzo, dawa na lupitalo kwa mfanyakazi na familia yake, hata wakati kontra imesimamishwa juu ya ugonjwa. Haisemi «ila kansere». Lakini sheria ileile inasema pia kwamba, kama ugonjwa hautoki ku kazi, mwajiri anaweza kuvunja kontra baada ya miezi sita ya kutofanya kazi bila kukatika, akilipa haki zote.

Basi hesabu. Mara 12, kila wiki mbili: ni karibu miezi sita. Mwenzetu alikuwa katika mara ya kumi wakati kampuni yake ilimpa mukanda. Walihesabu siku vizuri, hatuwezi kusema waliiba siku. Lakini na kontra ilienda dispansere, na dispansere ilienda na karatasi ya kuhesabia dawa. Mara mbili zilizobaki zililipwa na kusanyo letu, kila mtu falanga alizoweza, pamoja na feza za nusu ya parsele. Nusu ingine bibi alikataa kuuzisha, na leo ndiyo inawalisha.

Tulijifunza kwa kuchelewa kwamba neno «bila kukatika» liko na uzito. Kati ya serumu mbili, wagonjwa wengine wanakuwa na siku nzuri na wanaweza kufanya kazi nyepesi: biro, radio, magazini. Munganga akikubali na kuandika, kampuni ikikubali, siku hizo ni siku za kazi. Kwa hiyo, ndugu, siku ya kwanza unapata jibu la kansere, usifiche juu ya haya. Kuja kwa delege siku ile ile. Si kesho ya mukanda.

Ku meza ya makubaliano ya pamoja tunaleta mambo haya manne. Kontra isivunjwe wakati shimio haijamalizika. Mfanyakazi wa sutretansi, mwenye kuvaa kofia ileile na kuvuta vumbi lileile, atunzwe sawa wengine. Dispansere ya kazi isirudilie dawa ya amiba zaidi ya mara mbili bila kupima kwa kidole na kutuma mtu ku lupitalo. Na wenye zaidi ya miaka 45 wapimwe damu iliyojificha katika choo pale wanapopimwa mapafu kila mwaka. Ni kipimo kidogo, bei yake si kali.

Oksaliplatini tangu 2015 iko katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya la Dunia. Lazima, maana yake si dawa ya matajiri. Wakituambia ku meza ni kitu cha anasa, tutawaonyesha orodha.

Mwenzetu aliishi miezi kumi na saba tangu siku ile alikuja na karatasi yake. Alama za maini zilipunguka, kisha zikarudi. Katikati ya miezi hiyo alipokea mahari ya binti yake akiwa amekaa kwenye kiti, amevaa ganti mwezi wa saba, anakunywa bia ya moto na watu wanamcheka. Alituomba tuandike habari yake bila jina. Alisema: «Andikeni ile miezi tisa ya amiba. Mengine banganga walifanya.»